Je, wajua kwa nini kuzima kila moto kulimponza bundi?

Katika milima ya Arizona na New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, yupo bundi mwenye madoa meupe na macho meusi tii, aitwaye kwa Kiingereza Mexican spotted owl. Hajengi kiota. Hutafuta tundu la mti mkongwe, kiota kilichoachwa na ndege mwingine au pango dogo kwenye jabali la korongo, akalea makinda yake humo. Joto halivumilii, kwa hiyo hupenda msitu uliofungamana, wenye kivuli juu ya kivuli. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini, na jozi za bundi hawa zinazojulikana zikaanza kutengewa angalau ekari 600 kila moja, kuzunguka kiota au mahali pa kupumzikia mchana.

Wakati ule kilichoogopwa zaidi kilikuwa msumeno wa wakata mbao. Mpango wa kumwokoa ulipoandikwa upya mwaka 2012, tishio kubwa lilikuwa limebadilika: moto. Sasa mtu atauliza, moto si ulikuwapo tangu enzi na enzi, na bundi si alikuwapo? Ni kweli, na ushahidi umo ndani ya miti yenyewe.

Moto mdogo unapotambaa chini ya msonobari wa ponderosa, sindano kavu zilizorundikana kwenye shina, upande wa juu wa mteremko, huwaka kwa muda mrefu na kuunguza mti pale. Mti haufi. Unabaki na jeraha, na kila mwaka unaota mbao mpya pembeni mwake, kama ngozi inavyojifunga juu ya kidonda. Moto ukirudi, huacha kovu jingine palepale, kwa kuwa gome halipo tena na utomvu umejaa. Mtaalamu hukata kipande cha kisiki, hukisugua kwa msasa mpaka kiteleze kama kioo, kisha huhesabu pete mwaka kwa mwaka chini ya hadubini. Kitovu cha elimu hii ni Tucson, kwenye maabara ya pete za miti ya Chuo Kikuu cha Arizona, iliyoanzishwa mwaka 1937 na A. E. Douglass, mtaalamu wa nyota aliyegeukia miti. Kovu hutaja hata msimu. Likikaa kwenye sehemu nyeupe ya pete, moto ulipita mapema, mara nyingi katika ukame unaotangulia mvua za Julai. Likikaa kwenye ukanda mweusi, ulipita baadaye. Nakiri kwamba jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria: mti usio na mdomo unakwambia mwaka na msimu.

Makovu hayo yanaeleza kwamba misitu ya ponderosa iliungua kila baada ya miaka michache, mara nyingi chini ya kumi, kwa karne nyingi. Hata kwenye miteremko yenye ubaridi na miti mchanganyiko, anakopenda bundi, moto ulipita mara kwa mara sehemu nyingi. Radi iliwasha, na wenyeji, Waapache miongoni mwao, nao waliwasha. Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, makovu yanakoma ghafla.

Wengi hudhani hiyo ilikuwa kazi ya wazimamoto. Walioanza ni kondoo na ng'ombe. Reli ilipofika miaka ya 1880, mifugo ilimiminika milimani ikala nyasi zote, na pasipo nyasi moto mdogo hauna njia ya kupita. Wenyeji nao wakafungiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Wazimamoto walikuja baadaye. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ikatoa amri kwamba kila moto uzimwe kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata.

Miche ambayo moto ungeipunguza ikapona yote. Msitu uliokuwa na nafasi ukasongamana, pete za miti mikongwe zikawa nyembamba kwa kunyang'anyana maji, na kivuli kikaongezeka. Kwa hiyo baadhi ya misitu tunayomlindia bundi leo, tukidhani ni ya asili isiyoguswa, ni misitu iliyonyimwa moto kwa zaidi ya miaka mia. Miti midogo imekuwa ngazi ya kupandishia moto hadi vileleni. Mei 2011 moto ulioanzia kwenye kambi ya wageni mashariki mwa Arizona, uliopewa jina la Wallow, uliteketeza zaidi ya ekari 538,000, na maeneo ya bundi yakiwemo. Mti wenye tundu la kutosha kiota huchukua karne kadhaa kukua.

Wataalamu bado wanabishana kama miti ipunguzwe na moto mdogo urudishwe. Bundi huendelea kuishi na kuwinda mahali moto ulipopita kwa upole, na wapo wanaohofia kwamba kupunguza miti kutakuwa kisingizio cha kuvuna mbao. Hofu hiyo ina msingi. Septemba 2019 mahakama ya Tucson ilisimamisha kazi za ukataji katika misitu kadhaa ya taifa kwa ajili ya bundi huyu, hata vibali vya wananchi kukata kuni vikasitishwa kwa muda. Hata hivyo, mimi naona kuuacha msitu ulivyo si kumlinda bundi, maana ulivyo leo haujawahi kuwa.

Panapokubaliwa kazi, miti midogo hupunguzwa na moto huwashwa kwa makusudi, mara nyingi baada ya Agosti, makinda yakiwa yameshatoka kiotani. Kabla ya kuwasha, wafanyakazi hupita na reki kwenye miti mikongwe, wakiondoa sindano zilizorundikana upande wa juu wa mteremko, pale penye kovu la zamani.