Chikanda na maua ya Kitulo: kabla hujachimba, soma hapa

Kila mvua zinapoifunika Kitulo maua, ofisi yetu hupokea swali lilelile: kwani viazi vya porini, yaani chikanda, navyo vina mwenyewe? Vina.

Uwanda wa Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, takriban kilomita za mraba 413, na sababu haikuwa tembo wala simba bali mimea. Okidi pekee ni spishi 45 hivi. Ndiyo maana wenyeji hupaita Bustani ya Mungu.

Chikanda, au kikande kama wengine wanavyoita, ni kiazi cha okidi za ardhini, hasa jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Soko kubwa liko Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa na karanga, magadi na pilipili. Hatuna ugomvi na mlo wa mtu. Ila kiazi kikuukuu hulisha ua la mwaka huu, na kile kichanga ndilo ua la mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho kichanga. Wanaosema "vitaota tena" wanadhani ni viazi mviringo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti mpaka ikutane na kuvu wake udongoni.

Ndani ya hifadhi hakuna kuchimba wala kuchuma, hata ua moja la harusi. Wapo wanaodhani nje ya hifadhi ni ruksa tu. Si hivyo, na dhana hiyo, kwa kweli, imetuchosha. Mazao ya misitu yanasimamiwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Maombi huanzia serikali ya kijiji, hufika kamati ya uvunaji ya wilaya, na yakikubaliwa mwombaji hulipa mrabaha na kupewa leseni. Mzigo ukisafiri unahitaji hati ya kusafirishia, maarufu TP, ioneshwe kila kizuizi. Leseni ya shemeji yako si yako.

Kuvuka mpaka ni hatua nyingine kabisa. Okidi zote zimo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, nyingi katika Kiambatisho cha II, hivyo panahitajika kibali cha kusafirisha nje kutoka Idara ya Wanyamapori pamoja na cheti cha usafi wa mimea. Vyote huombwa kabla ya safari, si dirishani Tunduma, mpakani na Zambia. Wala kuwa na leseni ya uvunaji hakumaanishi kibali kitatoka: lazima kwanza ithibitike kuwa biashara hiyo haihatarishi spishi. Bila nyaraka hizo mzigo hukamatwa, na mahakama inaweza kutoa faini, kifungo au vyote viwili, na gari likataifishwa. Dereva aliyepakia magunia bila kuuliza kilichomo naye huhojiwa.

Kupiga picha ni ruksa. Baki kwenye njia, maana okidi nyingi ni fupi kuliko majani yanayozizunguka na hukanyagwa kabla hazijaonekana.