Tangazo Limesoma Ukurasa, au Limekusoma Wewe?

Matangazo ya muktadha, yaani yale yanayochaguliwa kulingana na mada ya ukurasa ulioufungua, yamekuwepo mtandaoni kwa zaidi ya miaka 20. Bado yanasingiziwa mambo yasiyo yao, na lile kubwa yaliloufanyia mtandao halitajwi sana.

Dhana: Tangazo likiendana na unachosoma, basi umepelelezwa.

Si lazima. Chukua makala ya kupiga picha usiku. Programu inapitia maneno yake, inatambua mada na lugha, kisha inatafuta nani amelipia mada ya kamera. Linatokea tangazo la lenzi. Watu wawili wasiofanana kwa lolote wakifungua ukurasa huo wanaweza kuonyeshwa lenzi ileile, kwa sababu kilichosomwa ni makala. Lakini lenzi hizo zikikufuata siku tatu baadaye hadi kwenye habari za mpira, hapo ni historia yako ya kuvinjari inayotumika. Hizo ni biashara mbili tofauti, na kampuni za matangazo hazina haraka ya kukuonyesha mpaka uko wapi.

Nisiyasafishe kupita kiasi, hata hivyo. Huduma nyingi za muktadha nazo hutumia vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kifaa chako, kwa mfano kuhesabu umeonyeshwa tangazo mara ngapi au kunasa mibofyo ya udanganyifu. Kutochaguliwa kwa tabia zako hakumaanishi kwamba hakuna kinachorekodiwa.

Dhana: Google ndiyo iliyoanzisha biashara ya kuuza maneno.

Hapana. GoTo.com, injini ya utafutaji ya Mmarekani Bill Gross, ilikuwa ikinadi maneno ya utafutaji tangu 1998: ukilipia neno, tangazo lako linaonekana mtu akilitafuta. Hiyo ni miaka miwili kabla ya Google kuzindua AdWords, huduma yake ya kuuza matangazo. Hata jina AdSense, la huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti za watu wengine, lilitoka kwa Applied Semantics, kampuni ambayo Google iliinunua Aprili 2003 kwa dola milioni 102.

Google ilichofanya ni kuwafungulia mlango wadogo. Matangazo ya mabango yalikuwepo tangu tovuti ya HotWired ilipoyaweka Oktoba 1994, ila kuuza nafasi kulitaka watu wa mauzo, mikataba na wasomaji wengi. Kuanzia 2003, kupitia AdSense, mtu mwenye tovuti ya kukarabati saa za zamani aliweza kubandika mistari michache ya msimbo na kuanza kuingiza senti bila kumpigia simu mteja hata mmoja. Mwaka 2010 Google ilieleza kwamba kwa matangazo ya kwenye kurasa, mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya mapato.

Dhana: Matangazo hukaa pembeni tu, hayagusi kinachoandikwa.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. Tangazo likishafuata maneno, kila neno linakuwa na bei. Bima, mikopo na mawakili ni ghali, kwa sababu mteja mmoja akipatikana humlipa mwenye tangazo kwa miaka. Mashairi hayana mnunuzi. Haikuchukua muda watu wakageuza utaratibu: badala ya kuandika makala halafu kusubiri tangazo, wakaanza na neno lenye bei nzuri halafu wakalitafutia makala.

Demand Media, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006, ilifanya hivyo kama kiwanda. Programu yake iliangalia watu wanatafuta nini na wenye matangazo wanalipa kiasi gani, ikatoa vichwa vya makala, navyo vikagawiwa waandishi wa kujitegemea waliolipwa kidogo kwa kila kipande. Januari 2011 kampuni ikaingia soko la hisa la New York. Mwezi uliofuata Google ilibadilisha mfumo wake wa kupanga matokeo, mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda, ikasema yangegusa karibu asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani. Viwanda hivyo vya makala vikaanza kuyumba.

Mtindo wenyewe haukufa. Kichwa ni swali. Aya ya kwanza inarudia swali. Tangazo. Aya ya pili inakueleza kwa nini watu wengi huuliza swali hilo. Tangazo lingine. Jibu, ambalo lingetosha sentensi moja, liko chini kabisa, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo nafasi za matangazo zinavyoongezeka. Anayeandika hivyo si lazima awe mvivu. Analipwa kwa urefu wa safari yako.

Dhana: Mashine inaelewa inachokisoma.

Inakisia. Mwaka 2003 tovuti ya New York Post ilikuwa na habari ya mauaji ambamo viungo vya marehemu vilipakiwa kwenye sanduku la safari. Pembeni yake likatokea tangazo la masanduku ya safari. Muktadha sahihi kabisa, kwa hesabu ya maneno. Wenye matangazo wakajikinga kwa orodha za maneno ya kukwepa, nazo zikaleta balaa la upande wa pili: mwanzoni mwa 2020 wengi walizuia matangazo yao kukaa karibu na neno "coronavirus", na vyombo vya habari vikakosa mapato kwenye habari zilezile zilizosomwa kuliko zote.

Dhana: Anayetoa pesa nyingi ndiye hukaa juu.

Kwa GoTo.com ilikuwa hivyo. Google, kuanzia 2002, ilizidisha dau, yaani bei aliyoitaja mwenye tangazo, kwa uwezekano wa tangazo kubofywa, hivyo tangazo linalofaa likaweza kumshinda tajiri.

Dhana: Bila kufuatilia watu, tovuti zitakufa njaa.

Shirika la utangazaji la umma la Uholanzi, NPO, liliacha matangazo ya kufuatilia watu mwaka 2020 likabaki na ya muktadha. Miezi ya mwanzo mapato yake ya mtandaoni yalipanda kuliko mwaka uliotangulia. Sababu moja ni kwamba madalali waliokuwa katikati, kila mmoja akikata chake, walipungua. NPO ni chombo kikubwa chenye timu yake ya mauzo, kwa hiyo blogu ndogo isitegemee matokeo hayohayo. Vivinjari vya Safari na Firefox huzuia vidakuzi vya kufuatilia bila kuombwa. Chrome, ya Google, iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikaahirisha zaidi ya mara moja, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo.