Mfungaji bora si lazima awe mwalimu bora

Klabu ya kriketi ikitafuta vijana wa kuwasaidia makocha wa watoto, kwa kawaida humchukua anayefunga mikimbio (alama za kriketi) mingi. Watu huamini anayejua kucheza anajua kufundisha. Sivyo. Mwenye kipaji mara nyingi hajui anafanyaje. Mkono wake ndio unaojua.

Mtazame kijana wa miaka 16 mbele ya mtoto wa miaka 9, uwanjani Kampala. "Rusha kama mimi," anasema. Mtoto anarusha, mpira unakwenda kwa majirani. "Hapana, kama mimi!" Kijana angefunzwa kutazama, angeona kiwiko cha mtoto kimekunjwa na macho yanatazama chini. Achuchumae, arekebishe kosa moja tu, amwachie mtoto ajaribu tena. Pengine tatizo ni mpira wenyewe: wa wanaume una gramu 156 hadi 163, mzito kwa kiganja hicho.

Na asiachwe peke yake na watoto. Kocha mtu mzima awepo.

Frank Nsubuga, mrushaji wa Uganda, akiwa na miaka 43, aliwaruhusu wapinzani mikimbio 4 tu katika ovari 4 (mipira 24) dhidi ya Papua New Guinea, Kombe la Dunia la kriketi fupi ya T20 la 2024. Hakutumia nguvu, alilenga. Hilo hata kijana asiye nyota anaweza kulieleza.