Sumukuvu kwenye chakula cha sato, na ini linavyojimaliza

Mfugaji wa sato akilalamika kuwa samaki wanakula ila hawakui, nikishapima maji naomba nioneshwe stoo. Mara nyingi nakuta viroba vya pumba za mahindi na mashudu ya pamba vimelazwa sakafuni, vya chini vimeshika unyevu. Hapo kuvu wa Aspergillus flavus hustawi, na sumu yake, aflatoksini B1, shabaha yake kuu ni ini.

Ajabu ni kwamba ukali wake unakamilishwa na ini lenyewe. Seli za ini zina vimeng'enya vya saitokromu P450, vya kubadili kemikali ngeni ili zitoke mwilini. Vikiishika aflatoksini vinaigeuza kuwa epoksaidi, umbo lake lililo kali zaidi, nayo inang'ang'ania DNA, kwenye guanini, mojawapo ya vijenzi vyake. Seli yenye glutathioni ya kutosha, kemikali yake ya kujikinga na sumu, huiwahi epoksaidi hiyo na kuifunga. Ikiishiwa, utengenezaji wa protini unavurugika, mafuta yanarundikana, seli zinaanza kufa. Kwenye hadubini naona matone ya mafuta yamesukuma viini vya seli pembeni, na viini vingine vimevimba kupita kiasi. Ukimpasua samaki, ini limepauka, rangi ya njano, na ukilibonyeza linameguka.

Samaki hawalingani. Mwaka 1960 hivi, trauti, samaki wa maji baridi, wa kufugwa Marekani walizuka na saratani ya ini kwa wingi, na chanzo kikaja kubainika kuwa ni aflatoksini kwenye mashudu ya pamba. Trauti hao huota uvimbe hata kwa sumu iliyo chini ya sehemu moja kwa bilioni ya chakula. Sato ni mgumu zaidi, na kwangu ugumu huo ndio mtego: hafi, anadumaa tu, na mfugaji anaishia kulaumu mbegu, yaani vifaranga alivyonunua.

Kupika chakula au kukipitisha kwenye mashine ya kutengeneza tembe kunaua kuvu, sumu inabaki. Kwa hiyo kiroba kisichoonekana ukungu hakijasalimika. Kausha nafaka hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13, panga viroba juu ya chaga, na kilichooza usikichanganye na kizima "ili kisipotee". Udongo wa bentonaiti kwenye chakula hunasa aflatoksini vizuri. Fumonisini, sumu ya kuvu wa Fusarium anayeshambulia mahindi hayo hayo, hauiwezi kwa kiwango hicho, na hiyo huliumiza ini kwa njia nyingine: inazuia kimeng'enya cha kutengeneza seramaidi, mafuta yanayohitajika kwenye utando wa seli.