Chupa, kipande cha mpira na pampu ya kupulizia: vifaa vyangu vya kutolea upepo kwenye breki

Dereva akishuka na kuniambia, "Fundi, breki inazama, mpaka nikanyage mara mbili ndiyo inashika," kwanza naangalia kama kuna mahali panapovuja. Kama hakuna, mkono wangu unakwenda kwenye chupa kabla ya spana. Mafuta ya breki hayabonyei; ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Upepo unabonyea. Kipovu kimoja kikikaa kwenye bomba, nguvu ya mguu inaishia kukiminya kile kipovu, na pedi hazisogei inavyotakiwa.

Njia tuliyofundishwa wengi ni ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye kiti, mwingine yuko chini na spana namba 8 au 10. "Pampu! Shikilia!" Unalegeza skrubu ya upepo, ile ndogo yenye tundu na kofia ya mpira, mafuta yanaruka, unakaza, "Achia!" Njia hii inafanya kazi vizuri sana mradi masikio yawe mawili na akili iwe moja. Nilipokuwa najifunza, mwenzangu aliachia pedeli kabla sijakaza. Ilivuta upepo wote tuliokuwa tumeutoa, tukaanza upya gurudumu la kwanza jua likiwa linazama. Tangu siku ile nikaanza kutafuta kifaa cha kunitosha mwenyewe.

Cha kwanza ni chupa ya maji ya nusu lita. Kifuniko nakitoboa matundu mawili: moja la kupitisha mpira unaoonyesha ndani, jingine dogo la kupumulia. Mpira lazima uibane skrubu kweli kweli. Ukicheza, ni bure. Chini ya chupa naweka mafuta mapya ya breki ya vidole viwili, ncha ya mpira ikizama humo. Chupa naining'iniza kwa waya juu kuliko skrubu, wala siiweki sakafuni, maana povu hupanda. Mpira ukielekea juu, upepo unakwenda zake wenyewe, na juu ya skrubu kunabaki nguzo ya mafuta tu.

Ncha ile ya chupani unaweza kuitengenezea mlango wa njia moja. Tumia kipande cha mpira laini, ukizibe mwishoni kwa bolti fupi, kisha ukichane kwa wembe kwa urefu, kama sentimita moja. Mafuta yakisukumwa, ule mchano unafunguka. Pedeli ikirudi, unajibana. Wanakemia wana kitu hicho hicho maabara, wanakiita vali ya Bunsen. Legeza skrubu robo mzunguko tu, kanyaga polepole, achia polepole. Kukanyaga haraka kunayapiga mafuta hadi yatoe povu dogo dogo linalokataa kutoka.

Wengi wananiuliza kuhusu kuvuta kwa bomba la sindano. Nimelitumia, na kwa kunyonya mafuta machafu kwenye kikopo cha masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, silibadilishi na kitu. Lakini kutolea upepo kwa kuvuta kunadanganya. Skrubu ikilegea, hewa ya nje inapenya kwenye nyuzi zake na kuingia kwenye mpira wako. Unaona povu haliishi, unamaliza chupa nzima ya mafuta, kumbe breki ilishapona zamani. Grisi kidogo kuzunguka nyuzi inasaidia, ila mimi nasukuma, sivuti.

Kwa kusukuma nina pampu ya mkono ya kupulizia dawa bustani, ya lita 2, mpya, ambayo haijawahi kuguswa na dawa wala mafuta mengine. Hata tone la mafuta ya injini linavimbisha mipira ya breki inayozuia mafuta yasivuje, na hapo utabadilisha kuanzia masta hadi kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye gurudumu. Nilichukua kifuniko cha zamani cha kikopo, nikakitoboa, nikafunga kiungio cha shaba chenye nati na washa za mpira pande zote mbili. Kwanza najaza upepo mtupu na kusikiliza kama kuna mlio. Ndipo natia mafuta. Shinikizo ni psi 10 hadi 15, basi. Kompresa usiiguse: kikopo ni plastiki, kinapasuka.

Kwenye Hiace au Hilux ya usukani wa kulia naanzia nyuma kushoto, mbali zaidi na masta. Nyingi zina pia vali ya mzigo, inayopima nguvu ya breki za nyuma kulingana na uzito, karibu na ekseli ya nyuma, yenye skrubu yake. Ukiisahau, pedeli inabaki laini. Magari madogo mengi breki zake zimegawanywa kimshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja pamoja na la nyuma la upande wa pili, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Na kama upepo umeingia ndani ya kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, chupa haitoshi, itahitajika mashine ya kupimia. Ukitumia pedeli kwenye gari la zamani, weka kipande cha mbao chini yake isifike sakafuni, kwa sababu mipira ya masta ikipita sehemu yenye kutu inachanika.

Mafuta yanayotoka usiyarudishe kwenye kikopo. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi joto zisizopungua 205; yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Anayeteremka mlima Kitonga, kule Iringa, na mzigo ndiye anayejua tofauti hiyo, maana mafuta yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke nao unabonyea.

Chupa yangu nimeipaka rangi nyekundu na kuandika SUMU pande mbili. Ilikuwa chupa ya maji, mafuta mapya yanakaribia kufanana na maji, na watoto wa jirani wanapita gerejini kila jioni wakitoka shule na kiu yao.