Kuona bakteria si kumjua

"Wamenipima, wakaona bakteria." Kauli hii utaisikia kwenye kliniki za Kisenyi jijini Kampala, na utaisikia tena Busia mpakani. Mgonjwa anaondoka na bahasha ya vidonge, lakini bakteria mwenyewe hajapewa jina.

Dhana: Wakishatiwa rangi, hadubini inaonyesha ni bakteria gani.

Haionyeshi. Njia aliyoitangaza Hans Christian Gram mwaka 1884 hugawa bakteria wengi katika makundi mawili tu. Mtaalamu hupaka sampuli kwenye slaidi, huiacha ikauke, huipitisha juu ya moto, kisha huimwagia rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti, halafu ayodini. Huosha kwa alkoholi na kumalizia na safranini, rangi ya waridi. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau; wenye ukuta mwembamba hupoteza zambarau na kushika waridi. Sasa, Salmonella Typhi wa taifodi na E. coli anayeishi tumboni mwa karibu kila mtu wote ni vijiti vya waridi. Kwa macho huwatenganishi, hata uwe na uzoefu gani.

Kazi huharibikia kwenye alkoholi. Sekunde chache zikizidi, hata wa zambarau hugeuka waridi, na bakteria waliozeeka kwenye agari (chakula cha kuoteshea bakteria) hudanganya vivyo hivyo. Ndiyo maana maabara makini hutia rangi pia slaidi ya bakteria wanaojulikana. Isiyofanya hivyo, mimi siiamini sana. Vijidudu vya kifua kikuu, kwa upande wao, havishiki vizuri rangi hizi. Vina njia yao ya kutiwa rangi, iitwayo Ziehl-Neelsen.

Dhana: Povu likitoka, ni stafilokoko.

Kipimo cha katalesi hutumia hidrojeni peroksaidi. Stafilokoko, bakteria wa mviringo, hutoa povu; streptokoko, wa mviringo pia, hawatoi. Ila E. coli naye hutoa, na hata chembe nyekundu za damu hutoa, kwa hiyo ukichota kwa pupa kwenye agari ya damu utapata povu la damu. Kipimo hiki kina maana baada ya kuona vidoto vya zambarau, si kabla.

Dhana: Widal ikiwa chanya, una taifodi.

Hii ndiyo inayoniudhi. Widal, kipimo cha damu, haimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili, na hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu ulipougua zamani, au zimetokana na chanjo au maambukizi mengine. Ndiyo maana kuna watu "wenye taifodi" kila msimu wa mvua.

Kumtambua Salmonella Typhi huanza na kuotesha damu. Kwenye agari ya MacConkey makundi yake hupauka, kwa sababu hachachushi laktosi, sukari ya maziwa. Kwenye mrija wa TSI, agari nyingine yenye sukari tatu na chuma, juu hubaki wekundu, chini hugeuka njano, huonekana weusi kidogo pale sindano ya kupandia bakteria ilipopita, na gesi hakuna. Vipimo vya oksidesi, urease na indoli vyote hasi. Hapo ndipo huletwa antisera, majimaji yenye kingamwili, za kuthibitisha.

Dhana: Majibu ya siku nne ni uvivu wa maabara.

Kila hatua ya kuotesha hula saa 18 hadi 24, na chupa ya damu huweza kukaa siku kadhaa kabla ya chochote kuonekana. Na majibu yakisema "hakuna kilichoota", usishangilie haraka: antibiotiki ulizomeza kabla ya kutolewa damu huweza kuzuia bakteria kuota ilhali bado wamo mwilini. Mtajie mtaalamu dawa hizo kabla sindano haijaingia.