Otomobilia ni nini? Maana ya kukusanya brosha na kumbukumbu za magari

Brosha ya gari huchapwa kwa kazi moja tu: kumshawishi mtu anunue gari jipya mwaka huu. Mteja hupewa bure, huenda nayo nyumbani, huipekua mezani na wenzake, huamua, na baada ya hapo karatasi ile haina kazi tena. Mwaka unaofuata taa zimebadilishwa umbo, rangi mbili zimeondolewa, brosha mpya imetoka na ile ya kwanza imeshaishia kwenye pipa la taka. Zile chache zilizosahauliwa ndani ya droo ndizo mkusanyaji anazozitafuta miaka hamsini baadaye.

Otomobilia ni jina la jumla la vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari, au kwa sababu ya gari, lakini si gari lenyewe. Neno limeundwa kwa kuunga "otomobili" na "memorabilia", neno la Kilatini lenye maana ya mambo yanayostahili kukumbukwa. Humo mna brosha, katalogi, orodha za bei, vitabu vya mwongozo wa mmiliki, mabango ya matangazo, vibao vya bati vya vituo vya mafuta, beji za vyama vya madereva, vishikio vya funguo, magari madogo ya maonyesho, picha za kiwandani na programu za mashindano ya mbio. Spea hazimo. Rejeta ya zamani ni rejeta, hata iwe adimu kiasi gani, kwa sababu inasubiri kufungwa kwenye gari. Mpaka huo una vitu vinavyouvuka, hasa kile kisanamu kinachosimama mbele ya boneti, ambacho ni sehemu ya gari na wakati huohuo ni pambo linaloweza kukaa rafuni peke yake.

Ndani ya otomobilia kuna tawi la karatasi, na wenye kuhifadhi nyaraka huliita efemera, kutoka neno la Kigiriki la kitu cha siku moja: tiketi, kipeperushi, mwaliko, brosha. Mimi naona hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Gari lilitengenezwa lidumu, na mwenye nalo alilitunza kwa sababu alilitolea jasho. Brosha haikutakiwa kudumu, ndiyo maana ile inayodumu huwa na maana kubwa kuliko ilivyokuwa zamani zilipokuwa nyingi. Kitabu cha mwongozo cha Michelin, kampuni ya tairi ya Ufaransa, cha mwaka 1900 ni mfano mzuri. Kilichapwa nakala zipatazo 35,000 na kugawiwa bure kwa wenye magari, kikiwaeleza mahali pa kupata mafuta na fundi, na namna ya kubadilisha tairi. Leo toleo hilo la kwanza ni miongoni mwa karatasi zinazosakwa sana na wapenzi wa magari.

Si kila karatasi ya duka la magari ni brosha kwa maana moja. Kuna kipeperushi cha kukunja mara mbili au tatu, kilichogawiwa kwa kila aliyepita. Kuna katalogi kubwa ya kifahari, yenye karatasi nzito, aliyopewa mteja aliyeonyesha nia ya kweli. Kuna faili la waandishi wa habari, lenye picha za rangi nyeusi na nyeupe na maelezo yaliyopigwa taipu. Na kuna kile ninachokipenda kuliko vyote: kitabu cha rangi na vitambaa, ambacho mteja hakuondoka nacho. Kilikaa mezani kwa muuzaji. Ukikifungua unakuta vipande halisi vya kitambaa cha viti vimegundishwa kwenye ukurasa, kila kimoja na namba yake, na pembeni vipande vidogo vilivyopakwa rangi halisi ya bodi. Picha iliyochapwa hubadilika rangi kadiri miaka inavyopita; kipande cha kitambaa kilichofungiwa ndani ya kitabu, mbali na jua, bado kina wekundu wake. Anayefufua gari la miaka ya sitini akikipata kitabu kama hicho, ana kitu cha kumpelekea fundi wa viti akamwambia, "Nataka hivi."

Brosha ina namna yake ya kusomwa. Mgeni huanza na jalada, mzoefu huigeuza. Chini kabisa ya ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo mno, mara nyingi kuna namba ya chapisho, nchi ilikochapwa, na tarakimu za mwezi na mwaka. Mtindo mmoja wa gari unaweza kuwa na brosha tatu au nne katika mwaka mmoja, zenye jalada lilelile, na tofauti pekee ikawa ni tarakimu hizo. Ya kwanza inaonyesha kofia za magurudumu za aina moja, ya marekebisho inaonyesha nyingine, na injini iliyoahidiwa mwanzoni imefutwa kimyakimya.

Ford Mustang inaonyesha kwa nini jambo hilo si la kuchekwa. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, katikati ya msimu, na rasmi yote ni ya mwaka wa 1965. Hata hivyo magari ya miezi ile ya kwanza yalikuwa na dainamo ya kuchaji betri, na baadaye ikaja altaneta, pamoja na mabadiliko mengine. Wapenzi wake huyaita ya "1964 na nusu", jina ambalo kiwanda hakikuliandika kwenye hati. Kwa mtu anayebishania gari lake ni la upande gani wa mabadiliko hayo, tarehe ya uchapaji wa karatasi ni hoja ya kuletwa mezani.

Karatasi za wakati ule hurekebisha pia masimulizi yaliyozoeleka. Karibu kila mtu amesikia kwamba Ford Model T ilikuwa nyeusi tu. Ukweli ni kwamba gari hilo lilipoanza mwaka 1908, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, nyeusi haikuwa miongoni mwa rangi zake; lilipatikana kwa kijivu, kijani, buluu na nyekundu. Weusi mtupu ulianza mwaka 1914 na kuendelea hadi 1925.

Lakini brosha ni shahidi mwenye maslahi. Iliandikwa na anayeuza, tena kabla gari halijaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Picha nyingi zilipigwa kwa gari la majaribio, ndiyo sababu utaona kitasa au beji ambayo haikuwahi kufika dukani. Na ndiyo sababu ya ule mstari unaorudiwa kwenye karibu kila brosha, kwamba kampuni inaweza kubadilisha vipimo bila kutoa taarifa. Picha ya gari la usukani wa kushoto wakati mwingine iligeuzwa kama kwenye kioo ili lionekane la usukani wa kulia. Tazama maandishi ya beji au saa ya dashibodi utalikamata. Wachoraji nao walikuwa na mbinu zao. Kuanzia 1959 hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini, Art Fitzpatrick na Van Kaufman walichora matangazo ya Pontiac, mmoja akichora gari, mwenzake akichora watu na mandhari. Magari yao ni mapana na yamelala chini kuliko yalivyokuwa barabarani, kwa kuwa upana ndio uliokuwa ukiuzwa. Katika michoro mingi ya Marekani ya wakati ule abiria nao wamepunguzwa umbo, ili viti vionekane kama sebule.

Sioni kuwa jambo hili linaishusha brosha. Gari linakueleza kilichotengenezwa, nayo brosha inakueleza kile wauzaji walichotaka watu wakitamani. Tucker ya mwaka 1948 ilitengenezwa magari 51 tu, pamoja na lile la majaribio, kisha kampuni ikaanguka. Walioishika karatasi yake ya matangazo ni wengi kuliko waliowahi kuushika usukani wake. Kwa magari ya namna hiyo, na kwa yale yaliyoishia kwenye meza ya maonyesho, karatasi ndiyo karibu yote iliyobaki.

Upande usio wa karatasi nao una utajiri wake. Charles Sykes, mchongaji wa Uingereza, ndiye aliyekitengeneza kisanamu cha Rolls-Royce cha mwanamke aliyeinama mbele, mavazi yakipeperuka, kilichoanza kutumika mwaka 1911. René Lalique wa Ufaransa alitengeneza vya kioo, cha kwanza mwaka 1925 kwa ajili ya Citroën: farasi watano, kwa sababu gari lenyewe lilihesabiwa nguvu za farasi tano. Katika Marekani ya miaka ya hamsini, wauzaji wa magari walikuwa na vigari vidogo vya plastiki vilivyopakwa rangi zilezile za kiwandani, vya kumpa mteja au mtoto wake. Vile vya awali vilitengenezwa kwa plastiki inayojikunja yenyewe kadiri miaka inavyosonga, na leo kigari kilichonyooka bila kuinama katikati ni kitu cha kukitazama mara mbili.

Kuhusu thamani, umri peke yake hausemi mengi. Brosha ya gari lililouzwa kwa mamilioni inaweza kuwa na miaka sitini na bado ikapatikana kwa bei ya kitabu cha kawaida, ilhali ya kampuni ndogo iliyokufa baada ya miaka miwili ikawa taabu kuipata. Linalopimwa ni idadi iliyosalia, watu wanaolipenda gari husika, na hali ya karatasi yenyewe. Muhuri wa muuzaji kwenye jalada huwagawa watu: wengine huuona doa, mimi huuona historia, kwa kuwa unaonyesha karatasi ilipitia wapi. Mkunjo wa kiwandani si kosa, mkunjo wa mfukoni ni kosa. Mtu aliyeandika bei kwa penseli pembeni ya picha, akajumlisha redio na hita, akakata moja kwa sababu hesabu haikutosha, ameshusha thamani ya sokoni na kuongeza kitu kingine kabisa.

Vitu hivi hupatikana minadani, mtandaoni, na kwenye masoko makubwa ya wazi ya vitu vya magari. Mashuhuri ni la Beaulieu, Uingereza, lililoanza mwaka 1967, na la Hershey huko Pennsylvania, Marekani, linaloendelea tangu mwaka 1955. Penye soko pana bandia. Nakala ya brosha iliyopigwa skani na kuchapwa upya hujulikana kwa kikuza: vitone vya wino vimevurugika, kwa sababu ni vitone vya picha ya vitone. Karatasi nayo huwa nyeupe mno, na pini ni mpya ilhali jalada limechakaa. Kwa vibao vya bati vyenye enameli, tazama matundu ya misumari. Kibao kilichotundikwa kweli kimemomonyoka kuzunguka tundu, mahali chuma kilipobanwa na kulegezwa. Kutu iliyoenea sawasawa kibao kizima mara nyingi imepakwa.

Adui mkubwa wa brosha ni unyevu. Karatasi inayong'aa ina tabaka la udongo laini juu yake, na ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hushikana kama zilizopakwa gundi na haziachani tena. Pini huanza kutu na kuacha madoa ya kahawia. Hifadhi ni ya bahasha angavu za poliesta au karatasi isiyo na asidi, katika boksi lililo mbali na jua na ukuta unaovuja. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu, hutoa kemikali zinazoufanya wino ung'ang'anie bahasha. Selotepu isiguse kitu chochote, hata pale ukurasa umechanika, na kulaminisha ndiko kuiua kabisa, maana hakuna namna ya kuitoa tena.

Kampuni nyingi sasa zimepunguza au zimeacha kabisa kuchapa brosha. Mteja hupakua faili au huchagua rangi kwenye skrini. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba brosha ya karatasi ikikosea, kosa lake linabaki nayo, na ndilo hutuonyesha nia ilibadilika lini. Faili la mtandaoni hubadilishwa usiku mmoja, na la jana halionekani tena. Baadhi ya wakusanyaji wameanza kuyapakua siku yanapotoka na kuandika mwezi na mwaka kwenye jina la kila faili, kazi ileile iliyofanywa zamani na tarakimu ndogo za ukurasa wa nyuma.